Ngozi nyeusi kwenye sindano ya nozeli si masizi

Swali: Mimi ni fundi wa pampu na nozeli za dizeli, Mwanza. Kwenye injekta za magari ya kisasa nakuta sindano ya ndani, na wakati mwingine plenja za pampu (pistoni ndogo zinazosukuma mafuta), zina weusi unaong'aa kama kioo. Aliyenifundisha kazi alisema ni masizi yaliyoiva, yasuguliwe kwa msasa laini mpaka chuma kiwe cheupe. Nimefanya hivyo mara kadhaa. Gari linatembea vizuri siku chache, kisha linaanza kuwaka kwa shida, linatoa moshi, na reli haijengi presha. Moja lilirudi baada ya wiki sita sindano ikiwa imekwama kabisa. Weusi ule ni nini hasa? Kama ni rangi ya kiwandani, mbona ni nyembamba hivyo, na inazuiaje chuma kisilike? Naweza kuipaka upya? Na zile dawa za kumimina kwenye tangi zinasaidia?

Jibu:

Fundi, kabla ya mengine yote, weka msasa chini. Ulichokuwa unakiondoa kilikuwa sehemu muhimu sana ya kipuri hicho. Sikulaumu wewe wala aliyekufundisha. Kwenye nozeli za zamani weusi ulikuwa masizi kweli, na kusafisha mpaka chuma kionekane ilikuwa kazi halali. Kilichobadilika ni injekta zenyewe. Mfumo wa reli ya pamoja (common rail), yaani bomba moja la presha linalolisha injekta zote, ambao kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliuleta kwenye magari madogo mwaka 1997, ulianza na presha ya takriban bar 1,350, na leo mingine imepita bar 2,000. Kwa presha hizo chuma kitupu kinachosuguana na chuma hakidumu, hasa pale ambapo kilainishi pekee ni dizeli yenyewe. Ndipo watengenezaji wakaanza kukivisha utando wa kaboni.

Utando huo unajulikana kwa herufi DLC, yaani kaboni ya mfano wa almasi. Si rangi. Rangi hukauka juu ya chuma, lakini utando huu hujengwa chembe kwa chembe ndani ya chumba kilichonyonywa hewa yote. Kwanza sindano "huogeshwa" kwa ayoni (chembe zenye chaji ya umeme) za gesi ya agoni, ambazo huigonga na kung'oa hata kutu isiyoonekana kwa macho. Kisha hutandikwa tabaka jembamba la kromiamu au silikoni ili kiwe kiungo. Mwisho huingizwa gesi yenye kaboni, na mara nyingi ni asetilini, gesi ile ile wanayochomelea mafundi wa jirani yako. Umeme huipasua, na ayoni za kaboni hurushwa kwa nguvu kwenye chuma na kujipachika humo. Mjerumani Heinz Schmellenmeier alipata utando mweusi mgumu kutokana na asetilini mwaka 1953, lakini jina la "mfano wa almasi" lilishika baada ya Wamarekani Sol Aisenberg na Ronald Chabot kuchapisha kazi yao mwaka 1971.

Kwa nini almasi? Chembe ya kaboni ina mikono minne ya kushika wenzake. Kwenye almasi mikono yote minne imeshika kwa nguvu, juu, chini na pembeni, na hapo ndipo ugumu wake unapotoka. Kwenye grafiti, ile risasi ya penseli, kila chembe imeshika majirani watatu katika karatasi moja bapa, na karatasi zimelaliana kilegelege. Ndiyo maana penseli inaandika: karatasi zinateleza na kubaki kwenye daftari. Utando wa sindano yako una miungano ya aina zote mbili, imechanganyika bila mpangilio, na mara nyingi kuna haidrojeni nyingi ndani yake. Ugumu wake hutegemea mchanganyiko huo. Chuma cha sindano, kikiwa kimetiwa ugumu vizuri, kina takriban gigapaskali 8, kipimo tunachotumia kwa ugumu. Utando wenye haidrojeni huwa kati ya 10 na 30. Ule usio na haidrojeni, wenye miungano mingi ya almasi, unaweza kufika 80, na almasi yenyewe ni kama 100.

Wengi wakifika hapo husema, "Kumbe ni mgumu, ndiyo maana hauliki." Hapana, hiyo ni nusu tu. Kama ugumu peke yake ungetosha, tungeweza kupachika unga wa almasi kwenye sindano, na ungelitafuna tundu la nozeli kama tupa. Kinachohitajika ni kitu kigumu ambacho pia kinateleza.

Msuguano tunaupima kwa namba moja, yaani nguvu ya kukokota ikigawanywa kwa nguvu ya kukandamiza. Chuma kikavu juu ya chuma huwa kati ya 0.5 na 0.8. Maana yake ukikandamiza kwa uzito wa kilo 10, utavuta kwa kilo 5 hadi 8 ndipo kisogee. Utando wa DLC ukisuguana na chuma kikavu katika hewa ya kawaida huwa kati ya 0.05 na 0.2. Mzigo ni ule ule, lakini unauvuta kwa nusu kilo hadi kilo mbili.

Siri yake iko upande wa pili. Dakika za mwanzo msuguano huwa juu kidogo, kisha unashuka. Ukisimamisha jaribio na kutazama kwa darubini kile chuma kilichokuwa kinasuguana na utando, utakuta kimepakwa doa la kijivu, jembamba sana. Ni kaboni iliyohama. Chembe chache za utando zimetoka, zimebandikwa kwenye chuma, na kwa joto na mkandamizo wa kusuguana zimelegea kuelekea hali ya grafiti. Kuanzia hapo chuma hakiusugui tena utando, kaboni inasugua kaboni, na kaboni mbili zenye mikono iliyokwisha kushikwa hazina hamu ya kung'ang'aniana. Utando unatoa kidogo sana cha mwili wake ili kumvisha mwenzake, kisha wote wawili wanapumzika. Nimelitazama doa hilo la kijivu mara nyingi mno, na bado naliona kuwa jambo zuri kuliko yote katika kazi yangu.

Hapo ndipo utaelewa kwa nini tunasema msuguano si mali ya kitu kimoja. Hakuna kitu chenye "msuguano wake". Kuna wawili wanaosuguana, na kuna kilichopo kati yao, iwe hewa, mvuke wa maji, dizeli au vumbi. Ukibadilisha kimoja, namba inabadilika.

Miaka yangu ya kwanza maabara nilipima sampuli ya utando wenye haidrojeni nyingi ndani ya kisanduku kilichojazwa naitrojeni kavu. Asubuhi namba ilikuwa chini ya 0.02. Mchana ikapanda ghafla ikapita 0.1. Nilifungua mashine nzima nikitafuta ubovu, kumbe mtungi wa naitrojeni ulikuwa umekwisha na hewa yenye unyevunyevu imeingia. Sampuli ilikuwa ile ile, mzigo ule ule, na kilichobadilika ni hewa tu.

Sababu ni ile mikono. Chembe ya kaboni iliyo juu kabisa ya utando ina mkono mmoja unaoning'inia bila mwenza. Ukiuacha mtupu, utamshika yeyote atakayepita, na huo ndio msuguano mkubwa. Kwenye utando wenye haidrojeni nyingi, mikono hiyo imekwisha kushikwa na haidrojeni, kwa hiyo katika ukavu kabisa nyuso zinapitana kama wageni wasiojuana. Mwaka 1994 Christophe Donnet na wenzake huko Lyon, Ufaransa, walionyesha msuguano mdogo ajabu wa tando kama hizo ndani ya ombwe, yaani mahali palipoondolewa hewa. Baadaye, kwenye maabara ya Argonne nchini Marekani, Ali Erdemir na wenzake walipima namba za 0.001 hadi 0.003 katika naitrojeni kavu. Hizo ni namba za kiungo chenye afya cha goti la binadamu, au chini yake. Mvuke wa maji ukiingia, molekuli za maji zinajibandika juu na kuanza kuvutana, na namba inapanda.

Utando usio na haidrojeni uko kinyume kabisa. Huo unauhitaji unyevu. Kwenye hewa ya kawaida hupata 0.1 hivi, maana maji huziba mikono yake mitupu. Ukiuweka katika ombwe msuguano wake unapanda mpaka 0.5 na zaidi. Grafiti nayo iko hivyo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, brashi za kaboni za jenereta za ndege zilizoruka juu sana zilikuwa zinasagika na kuwa unga kwa saa chache. Chini, kwenye uwanja, brashi zile zile zilidumu. Robert Savage wa General Electric alieleza mwaka 1948 kwamba huko juu hewa ni kavu mno, na grafiti bila mvuke wa maji hukosa ule utelezi ambao sote tuliudhani ni wa asili yake.

Ndani ya injekta yako hakuna hewa ya Ziwa Victoria, kuna dizeli. Lakini kanuni ni hiyo hiyo. Viwanda huchagua aina ya utando kwa kuangalia utaogelea kwenye kimiminika gani na utasuguana na chuma gani. Huwezi kuchukua plenja iliyovishwa kwa ajili ya mfumo mmoja ukaitumbukiza kwenye mwingine kwa sababu tu vipimo vinalingana.

Sasa kulika. Mwingereza John Archard aliandika mwaka 1953 kanuni ambayo mpaka leo tunaianzia: kiasi cha mali inayopotea hukua kadiri ya mzigo na kadiri ya umbali uliosuguliwa. Kinachotofautisha mali moja na nyingine ni kipimo chake cha kulika. Kwa DLC nzuri kipimo hicho ni kama milimita za ujazo 0.0000001 kwa kila nyutoni ya mzigo na kila mita ya safari. Kwa chuma kikavu kwa chuma ni mara mia ya hapo, na mara nyingi zaidi.

Tuiweke kwenye meza ya karakana. Chukua uso wa sentimita moja ya mraba, ukandamize kwa nyutoni 10, yaani kama kilo moja, uusugue jumla ya kilomita 100. Kwa utando wa kaboni unapoteza milimita ya ujazo 0.1, ambayo ikitandazwa kwenye uso huo ni kina cha maikroni 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwa chuma kitupu unapoteza maikroni 100. Unywele wa binadamu ni kama maikroni 70. Kwa hiyo utando wa maikroni 2, ambao wewe unauona mwembamba mno kiasi cha kuutilia shaka, baada ya safari hiyo bado umebaki nusu yake, wakati chuma kitupu kimechimbika kuliko unene wa unywele. Wembamba wake si udhaifu. Ungekuwa mnene ungepasuka, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza nimalizie habari ya msasa wako, maana hapa ndipo magari yale yaliporudi. Sindano inapita kwenye tundu lake kwa nafasi ya maikroni chache tu. Tuseme nafasi ni maikroni 2 kila upande, na utando ni maikroni 2. Ukiusugua wote ukatoka, nafasi inakuwa 4. Imeongezeka maradufu, basi utadhani mafuta yanayovuja nayo yataongezeka maradufu. Sivyo. Kimiminika kinachopita kwenye upenyo mwembamba namna ile huvuja kwa mchemraba wa nafasi: mbili mara mbili mara mbili. Uvujaji unakuwa mara 8. Ndiyo maana reli haijengi presha, na ndiyo maana mafuta mengi yanarudi kwenye tangi kupitia paipu ya marejesho. Na chuma kilichobaki sasa kinasuguana na chuma kilicho sawa naye. Hapo ndipo vyuma vinaposhikana, kipande kinang'oka huku na kubandikwa kule, na baada ya wiki sita sindano inakwama. Gari lile halikuwa na mkosi. Lilikuwa limevuliwa nguo.

Kuhusu kupasuka. Ayoni zikirushwa kwa nguvu na kujichomeka kwenye utando, zinausonga kama watu wanaojipenyeza kwenye daladala iliyojaa. Utando unabaki na mkazo wa ndani unaousukuma kujipanua, na mkazo huo unaweza kufika gigapaskali kadhaa. Kadiri unavyoongeza unene, ndivyo nguvu ya kujibandua inavyokua. Ndiyo maana tando nyingi za viwandani zinaishia kati ya maikroni 1 na 5. Lile tabaka la kromiamu chini ndilo linaloushikilia, na likiwekwa juu ya uchafu kidogo tu, hata alama ya kidole, utando utatoka vipande kama rangi ya ukuta wenye unyevu.

Utando pia unahitaji mwenyeji mgumu. Ukiuweka juu ya chuma laini, mzigo unakibonyeza chuma, utando unabaki hauna kitu chini yake, unapasuka kama ganda la yai lililowekwa juu ya godoro. Na vipande vyake ni vigumu kuliko chuma chochote kwenye injekta, kwa hiyo vinakuwa msasa unaozunguka ndani. Kubanduka kwa kiraka kidogo ni hatari kuliko kulika taratibu kwa uso wote. Ukiona kwa lenzi kisiwa cheupe chenye kingo kali katikati ya weusi, kipuri hicho kimekwisha hata kama gari bado linatembea. Ukiona weusi umefifia taratibu sehemu moja bila kingo, huo ni uzee wa kawaida, na kipimo cha maikromita na benchi la majaribio ndivyo vitakavyoamua.

Hivyo ndivyo pia utakavyotofautisha na masizi. Masizi hukaa kwa mabaka, yananenepa karibu na ncha, na yanalainika ukiyaloweka kwenye kiyeyushi. Utando umeenea sawasawa, unaishia kwenye mstari ulionyooka, unaakisi taa, na kiyeyushi hakiufanyi kitu. Basi safisha kwa kiyeyushi na kile chombo cha mawimbi ya sauti, futa kwa kitambaa kisicho na nyuzi, ishia hapo. Pesti ya kusagia valvu ina silikoni kabaidi, ambayo ugumu wake unalingana na tando nyingi za DLC au kuzizidi. Hiyo isikaribie. Na moto wa gesi usiutumie kamwe kuchoma uchafu. Utando wenye haidrojeni unaanza kupoteza haidrojeni yake kwenye nyuzi 300 na kitu za Selsiasi, kaboni inageuka kuelekea grafiti, unalainika, na kwa macho bado ni mweusi vile vile. Hutajua umeuharibu.

Vumbi nalo. Mchanga wetu una kwatsi nyingi, na kwatsi ni ngumu kuliko chuma kilichotiwa ugumu. Kwa kawaida haiukwaruzi utando mzuri, lakini punje ikibanwa kati ya nyuso mbili inausukuma utando kwenye sehemu moja mpaka chuma cha chini kibonyee, na hapo tumerudi kwenye ganda la yai. Filta ya bei nafuu isiyokamata punje ndogo inaua utando wa gharama kubwa. Hili mwambie mwenye gari waziwazi.

Kupaka upya: kwenye karakana haiwezekani, na yeyote atakayekuuzia chupa ya kupulizia akisema ni DLC anakuuzia kitu kingine. Inahitaji chumba cha ombwe, umeme wa kudhibitiwa, na usafi ambao karakana ya dizeli haiwezi kuwa nao. Hata viwanda, kabla ya kuvisha upya, huondoa utando wa zamani kwa plazma ya oksijeni (gesi iliyopasuliwa kwa umeme), kisha hupima chuma upya. Kwa kipuri kidogo kama sindano, kununua kipya ndiyo hesabu inayokubali.

Swali la dawa za tangi linahitaji maelezo zaidi, maana ndani yake kuna suala la mafuta yetu. Tangu Januari 2015 Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi ziliingia kwenye dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Kwa mapafu ya watoto wetu hilo ni jambo jema sana. Lakini mtambo unaoondoa salfa unaondoa pia viambato vya asili vilivyokuwa vinalainisha pampu. Wasweden waliligundua kwa uchungu mwanzoni mwa miaka ya 1990, walipoingiza dizeli safi na pampu zikaanza kufa mapema. Tangu hapo dizeli hutiwa kiongeza utelezi kabla ya kuuzwa, na hupimwa. Gololi ya chuma ya milimita 6 husuguliwa juu ya kisahani ndani ya dizeli yenye nyuzi 60 kwa dakika 75, kisha kovu la gololi hupimwa. Viwango vya Ulaya vinataka kovu lisizidi maikroni 460. Dizeli iliyotimiza hilo haihitaji dawa yako.

Tatizo ni dizeli iliyochakachuliwa. Neno hilo lenyewe limeenea Tanzania kwa sababu ya biashara hii ya kuchanganya mafuta ya taa kwenye dizeli, mpaka EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikaanza kuweka vinasaba (alama za siri za kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010. Mafuta ya taa ni mepesi kuliko dizeli, na utelezi wake ni duni. Mepesi maana yake yanavuja zaidi kwenye ile nafasi ya maikroni 2, na yanashindwa kuzitenganisha nyuso mbili. Utando wa kaboni ndio unaobeba mzigo katika hali hiyo. Ni kinga ya siku mbaya, na haukutengenezwa ili kila siku iwe mbaya. Dawa nzuri ya kuongeza utelezi inaweza kusaidia kidogo dizeli dhaifu. Hata dizeli ya mimea ikichanganywa asilimia 2 hivi hurudisha utelezi mwingi. Lakini hakuna dawa inayotoa maji, mchanga wala mafuta ya taa kwenye tangi. Maji yamwage kwenye kitenganishi kila wiki, na mwenye gari abadilishe kituo cha mafuta kabla ya kununua chupa.

Niongeze jambo moja ambalo hukuuliza, kwa kuwa najua mafundi wengi wanamimina viongezeo vya molibdenamu kwenye oili ya injini. Kwa injini ya vyuma vitupu, molibdenamu ya aina ile inayoyeyuka kwenye oili hupunguza msuguano kweli. Lakini injini nyingine za kisasa zina DLC kwenye vikombe vya valvu, pini za pistoni au ringi. Watafiti wa Japani walionyesha katika miaka ya 2000 kwamba utando wenye haidrojeni, ukisuguana na chuma ndani ya oili yenye kiongezeo hicho, unaweza kulika kwa kasi kubwa kuliko kwenye oili isiyo nacho. Upande mwingine, Nissan ilichagua utando usio na haidrojeni kwa vikombe vya valvu na kuuoanisha na oili yenye kiambato cha jamii ya glisaroli, na msuguano ukashuka sana. Kwa hiyo oili na utando huchaguliwa pamoja. Fuata namba ya oili iliyoandikwa na mtengenezaji wa injini, na usiongeze kitu.

Kwa magari yale uliyokwisha kuyasugua sindano, pigia wenyewe simu kabla hawajarudi. Pima marejesho ya mafuta ya kila injekta kwa chupa nne zilizosimama sambamba, injini ikiwa inaunguruma bila mzigo. Inayojaza chupa haraka kuliko wenzake ndiyo iliyovuliwa, na sindano yake na mwili wake vibadilishwe pamoja kwa kuwa vimekwisha kukwaruzana. Na usizitupe hizo za zamani. Ziweke kwenye droo pamoja na moja nzima yenye weusi wake kamili, na lenzi ya kukuza mara kumi. Kijana wako wa kazi akizitazama tatu hizo kwa zamu, hutahitaji kumkataza msasa mara ya pili.